Karamu Hupimwa kwa Sahani ya Mwisho

Nilimkuta senge nyuma ya jiko la kuni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sahani mapajani. Ilikuwa Jumamosi ya harusi, mwezi wa Agosti, viungani mwa Eldoret. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika punde, na maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka pembe za hema. Sahanini mlikuwa na ukoko wa wali uliokwanguliwa chini ya sufuria, na mchuzi ambao nyama yake ilikuwa imekwisha. Senge ni dada ya baba yangu. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kumenya gunia zima la viazi pamoja na akina mama wa jirani.

"Senge, hukupata nyama?" nikamwuliza.

Hakunijibu. Aliinua macho, akaniuliza, "Wageni wamekula wote?"

Hawakuwa wamekula wote. Mchana ule mezani palikuwa pamepangwa vyakula kumi na viwili: wali mweupe, pilau, chapati, mukimo, viazi vya kukaanga, nyama ya ng'ombe, ya mbuzi, kuku, ndengu, kabeji, managu na kachumbari. Kuku aliisha kabla ya hema la pili kuitwa. Chapati zikafuata. Walioketi hema la nne, majirani na wazee waliokuja kwa miguu kutoka vijiji vya karibu, walipofika mezani walikuta wali mweupe na kabeji. Na deni la karamu hiyo lilikuwa bado halijaisha mwezi wa Machi, wakulima walipoanza kuhangaikia mbolea.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kipimo kimoja cha harusi, na ningependa kila kamati inayokutana Jumapili hii baada ya ibada ikijadili. Karamu hupimwa kwa sahani ya mwisho. Usiniambie meza ilikuwa na vyakula vingapi. Niambie mtu wa mwisho kwenye foleni alipata nini. Ukianza hesabu zako na mtu huyo, gharama zitapungua zenyewe, na heshima ya nyumba itapanda.

Tuanze na hii bafe yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumeipokea bila kuichunguza. Nilipokuwa mtoto, chakula cha harusi kilipakuliwa na akina mama jikoni, vijana wakakibeba na kuwagawia wageni walipoketi. Kila mtu alipata sawa na mwenzake, na aliyekuwa jikoni alijua kila wakati kilichobaki sufuriani. Bafe imetujia kutoka hotelini. Hotelini inafaa, kwa maana wageni huja mmoja mmoja, saa kwa saa, na chombo kikipungua mpishi hukijaza tena kutoka jiko lililo nyuma ya ukuta. Harusini watu mia mbili husimama pamoja kwa saa moja, na nyuma ya hema hakuna jiko la pili. Kilichopikwa ndicho hicho. Kwa hiyo bafe ya nyumbani humpa wa kwanza uhuru wa kuchagua, na kumwachia wa mwisho hasara yote.

Hapo ndipo wingi wa vyakula unapotuponza. Kamati yenye pesa za kuwalisha watu mia mbili vyakula sita ikiamua kuweka kumi na viwili, haipati pesa mpya. Inagawa zilezile. Kuku wanapikwa wa kuwatosha watu mia, mbuzi wa kuwatosha themanini, chapati mia moja na ishirini, kwa matumaini kwamba huyu atachukua hiki na yule kile. Lakini mgeni aliyesafiri tangu alfajiri hachagui hivyo. Anaonja kila kitu. Anachukua kipande cha kuku, viwili vya mbuzi, chapati, na kijiko cha pilau juu yake. Simlaumu, maana amekaribishwa ajipakulie. Tatizo ni hesabu yetu. Kila chakula kinachoongezwa mezani kinakuja na viungo vyake, mafuta yake, sufuria yake, kuni zake na mtu wa kukisimamia. Nusu ya bajeti inakwenda kwenye aina, na wingi unakosekana.

Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Ningependa kamati zetu ziusikie msemo huu kama ushauri wa jikoni. Chagua vyakula vichache, uvipike kwa ustadi, na kila kimoja kimtoshe kila mgeni.

Sasa nitoe hesabu, kwa maana maoni yasiyo na vipimo hayamsaidii mweka hazina wa kamati. Tuseme mmeandika majina mia mbili. Pikeni chakula cha watu mia mbili na hamsini. Harusi za kwetu hazina lango. Jirani huja kwa sababu ni jirani, na mwaniaji wa kiti fulani huja na watu wake gari zima. Kwa idadi hiyo, kilo thelathini za mchele zinatosha pilau. Viazi, gunia moja la kilo hamsini. Nyama yenye mifupa, gramu mia mbili na ishirini kwa kila mtu, yaani kilo hamsini na tano. Hao ni mbuzi wanne wakubwa hivi. Familia ikitoa ng'ombe, kumbukeni kwamba karibu nusu tu ya uzito wa mnyama aliye hai ndiyo inayofika sufuriani. Ng'ombe wa kilo mia tatu atatoa kama kilo mia na hamsini, na nusu ya hiyo inatosha na kusaza. Maharagwe au ndengu, kilo kumi na mbili. Kabeji ishirini, au magunia ya managu na saga kulingana na msimu. Kachumbari. Tunda moja. Maji, nusu lita kwa kila kichwa. Anayetaka chapati aziweke, lakini aondoe viazi. Chapati ni tamu, na pia ndizo zinazokula mafuta, kuni na mikono ya watu kuliko kitu kingine chochote jikoni. Vyote viwili pamoja ni mzigo.

Orodha hii haina kuku, na najua kuna watakaonuna. Kuku ndiye anayevuruga foleni za harusi zetu. Anahesabika kwa vipande, kila mtu anamtaka, na hakuna kamati ya kipato cha kawaida inayoweza kununua wa kumtosha kila mmoja. Nyama ya mbuzi au ng'ombe ikikatwa vipande vya saizi moja hugawika kwa haki. Na hata kwenye bafe, nyama isiachwe watu wajipakulie. Wali, viazi na mboga mtu achukue apendavyo, lakini penye sufuria ya nyama asimame mtu mzima mwenye upawa mmoja na moyo wa usawa, asiyemjua tajiri wala maskini. Familia nyingi zina shangazi wa aina hiyo. Mpeni kazi hiyo, mheshimuni kwa kuifanya.

Kuna jambo la nyanda zetu za juu ambalo mpishi mgeni hulijua akiwa amechelewa. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku kwetu maji huchemka yakiwa hayajafika nyuzijoto mia; hufikia kama 93 tu. Ndiyo maana maharagwe yanayoiva kwa saa mbili Mombasa yanaweza kukutoa jasho hapa, na nyama ya ng'ombe mzee itakataa kulainika huku maharusi wakiwa wameshatoka kanisani. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, yabandikwe mapema. Halafu kuna baridi. Jua likifunikwa na wingu la Agosti, chakula hupoa hemani kwa muda mfupi sana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa kwenye joto au baridi ya kutosha, na kinachowekwa kwa moto kiwe juu ya nyuzijoto 60. Pima ushauri huo na Jumamosi zetu: pilau imeepuliwa saa nne asubuhi, ibada imekwisha saa saba, picha zimechukua saa mbili, hotuba saa moja, na wageni wanaitwa mezani saa kumi. Watu wakiumwa na matumbo Jumapili tunasema ni kijicho cha jirani. Ni saa sita za kungoja.

Kwa hiyo ratiba ni sehemu ya bajeti. Chakula kifunguliwe maharusi wakiwa kwenye picha. Wao watengewe chao kikiwa moto, na hakuna atakayedhurika wageni wakila saa nane badala ya saa kumi. Anayekula mapema hula kwa kiasi. Aliyekaa na njaa tangu asubuhi hujaza sahani kwa hofu, na nusu ya sahani hiyo huishia kwa mbwa.

Foleni nayo ina hesabu yake. Mtu mmoja akichukua nusu dakika kujipakulia, watu mia mbili kwa mstari mmoja watachukua dakika mia moja. Sogeza meza kutoka ukingo wa hema uiweke katikati, watu wapite pande zote mbili, uwe na meza mbili za namna hiyo, na mistari minne itawamaliza kwa dakika ishirini na tano. Hilo halitagharimu hata shilingi. Na hema zisiitwe kwa cheo. Safari moja lianze hema la nyuma, la waliokaa kwenye manyunyu.

Kwa wanaompa mtu kazi yote kwa bei ya sahani, neno moja. Bei ya sahani bila maelezo ni kitendawili. Ulizeni kabla ya kutoa malipo ya kwanza: sahani hiyo ina nyama kiasi gani? Maji na soda vimo? Usafiri na vyombo vimo? Wageni wakizidi, itakuwaje? Kilichobaki ni cha nani? Wapishi wana vyeti vya afya? Nyama imepigwa muhuri wa mkaguzi? Yaandikeni, pande zote mbili zitie sahihi. Hata wakiwa ni watu wa kanisa lenu, andikeni. Maandishi hulinda urafiki. Na kabla ya kwenda kwa mgeni, angalieni vyama vya akina mama vilivyo karibu. Vingi vimejinunulia sufuria, sahani na hata mahema, na wanachama wake wamewapikia watu mia tatu mara nyingi kuliko watu wengi wenye kadi za biashara.

Tangu Agosti 15, 2024, Eldoret ni jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Nililifurahia tukio hilo kama mwenyeji yeyote wa Sisibo, kama tunavyouita mji wetu. Lakini naona namna neno jiji linavyoingia kwenye bajeti za harusi. Mtu aliyelima mahindi maisha yake yote anaambiwa na kamati kwamba harusi ya jiji haiwezi kukosa hiki na kile, vitu vinavyotoka mbali kwa bei ya mbali. Nasi tumezungukwa na chakula. Viazi vinashuka kutoka Timboroa na Ainabkoi. Kabeji, maharagwe, mahindi na maziwa ni vya hapa. Pesa za mchango wa wanakijiji zikinunua mazao ya wanakijiji, harusi imewabariki mara mbili.

Na kuna mursik, maziwa yetu ya mgando. Wanariadha wetu wakishuka uwanja wa ndege wa Eldoret na medali shingoni, wanachopokewa nacho ni kibuyu. Maziwa yale yanahifadhiwa ndani ya kibuyu hicho, sotet, kilichosafishwa na kupakwa makaa ya mti wa senetwet, mpaka yanakuwa na rangi ya kijivu na ladha ya moshi ambayo mtu wa hapa huitambua akiwa amefumba macho. Yanahitaji siku kadhaa, na yanahitaji mkono wa mama anayejua. Vibuyu kumi vilivyoandaliwa na shangazi na nyanya za pande zote mbili, vikiletwa kwa wazee pamoja na ugali moto, ni heshima kubwa kuliko soda za kila rangi. Nimewaona wazee wakiacha sahani ya bafe bila kuigusa na kungoja mursik.

Nirudi kwenye deni. Kwetu familia hukaribisha watu kwenye koito, yaani sherehe ya mahari, kisha kwenye harusi, na wengine huongeza sherehe ya usiku. Wengi huchagua Desemba, watoto wakiwa likizo na mahindi yakiwa yametoka shambani. Pesa inaonekana nyingi mwezi huo. Lakini Januari ina karo, na kufikia Machi lazima mbegu na mbolea zipatikane kabla ya mvua. Mkopo wa karamu ya Desemba unalipwa kwa mbolea ya Machi, na mbolea iliyokosekana Machi inalipwa kwa magunia yatakayokosekana Oktoba. Wazee wetu wa Pwani walilisema kwa maneno manne: kukopa harusi, kulipa matanga. Vijana wawili wanaoanza maisha hawastahili kuanza na matanga. Ndiyo maana nasisitiza kwamba chakula kinunuliwe kwa pesa iliyo mkononi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Majina yaliyoandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp yasihesabiwe. Ahadi ni deni, lakini deni la mtu mwingine halinunui mchele sokoni.

Nasikia jibu: watu watasema. Silidharau jibu hili. Mgeni aliyetuma mchango kwa M-Pesa, akapanda matatu kutoka Kapsabet au Iten, akafua shati lake jeupe, anastahili kulishwa vizuri. Ukarimu ni mali yetu ya kweli, na mzazi anayehofia aibu ya sahani tupu anahofia jambo la haki. Ila tujiulize watu husema nini hasa. Sijawahi kumsikia mgeni aliyeshiba nyama na pilau moto akilalamika kwamba vyakula vilikuwa sita. Nimewasikia wengi, miaka baada ya harusi, wakisema, "Pale tulirudi na njaa."

Dini zetu zimeligusa jambo hili. Msomaji wa Injili ya Yohana anakumbuka harusi ya Kana, divai ilipokwisha. Waliojua siri ya kilichotendeka walikuwa watumishi walioteka maji, kwa kuwa wao ndio waliokuwa karibu na mitungi. Kwa Waislamu, Mtume Muhammad alimwagiza Abdurrahman bin Auf afanye karamu ya ndoa hata kwa kondoo mmoja, na imepokewa kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha karamu ambayo matajiri wamealikwa na maskini wameachwa. Hata serikali zimeligusa: huko Punjab, Pakistani, serikali ya jimbo ilitunga sheria mwaka 2016 ya kuruhusu mchuzi wa aina moja tu kwenye karamu za harusi, ili wenye nacho wasiwalazimishe wasio nacho kushindana. Sidhani Kenya inahitaji sheria ya namna hiyo. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa iwe na mashahidi, na haikudai sahani hata moja. Hilo lingine tumeachiwa busara zetu, nazo zinatosha tukizitumia.

Na busara ya kwanza ni kuacha kuwagawa wageni. Kupika kuku wa meza kuu na maharagwe ya hema la nyuma ni kuwaambia majirani thamani yao mbele ya watoto wao. Kama kuku wanatosha watu ishirini tu, basi wasipikwe. Wakubwa wale pilau ileile. Mheshimiwa aliyekuja kuwatakia maharusi heri atakula anachokula mpiga kura wake, na nina hakika kitamshibisha.

Mwaka uliofuata ile harusi ya Agosti, mpwa wangu alioa. Nilimwomba kaka anipe kazi moja tu kwenye kamati, ya chakula, na nikaomba nisikilizwe. Tulipika vyakula sita. Meza zilikaa katikati ya hema. Kabla foleni haijafunguliwa, tulipakua sahani thelathini na tano, zenye nyama, tukazifunika na kuziweka kando ya jiko: za waliopika, waliobeba maji, madereva na vijana wa mahema. Wao ndio huwa sahani ya mwisho, na siku hiyo tulianza nao. Hema la nyuma likaitwa kwanza. Saa tisa na nusu kila mtu alikuwa amekula, na sufuria moja ya pilau ilikuwa imefika nusu tu. Jumatatu hakukuwa na mtu wa kudaiwa.

Senge alikuwa amesimamia sufuria ya nyama mpaka mtu wa mwisho, upawa mkononi. Kisha akanawa, akaletewa sahani yake, akaketi kitini chini ya hema, mkabala na wageni. Nikamsogelea nikitarajia aniulize lile swali lake. Hakuuliza. Alikuwa anawaona.